Meli za Franklin: Wainuit walishasema

Asanteni kwa kuja jamani, wa nyuma kule mnanisikia? Haya. Leo ni habari za meli mbili, Erebus na Terror, zilitoka Uingereza mwezi wa 5 mwaka 1845 na Sir John Franklin, wanatafuta njia ya kupita juu ya Kanada waende Asia, zikanasa kwenye barafu na watu 129 wakafa wote, hakurudi hata mmoja wa kusimulia.

Wakatumwa watu kuzitafuta, msafara juu ya msafara, na kinachoniuma mimi ni kwamba wenyeji, Wainuit, walikuwa wanajua. Mwaka 1854 John Rae, mvumbuzi Mskoti, aliwasikiliza akapeleka habari London kwamba wale jamaa walikufa njaa mpaka wakafikia kulana, weee! Mjane wa Franklin akaja juu, Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya, naye akaandika kwenye jarida lake kwamba maneno ya washenzi si ya kuaminika. Baadaye mifupa ikaja kukutwa ina alama za visu.

Mwaka 1879 Minuit mmoja, Puhtoorak, akamsimulia Schwatka, Mmarekani aliyekuja kutafuta habari za wale jamaa, kwamba meli moja aliiona kwa macho yake, ndani mna maiti ya mzungu kitandani, Wainuit wenzake Puhtoorak hawakujua pa kuingilia wakatoboa ubavuni, barafu ilipoachia maji yakapita hapohapo ikazama, ila milingoti ikabaki imechomoza. Hilo la milingoti lishikeni.

Twende 2014. Parks Canada, idara ya hifadhi za taifa ya Kanada, wana miaka sita wanatafuta. Kazi yenyewe inachosha bwana, boti inakokota sona, inapiga sauti chini, mwangwi ukirudi unachora picha kwenye skrini, unaenda unarudi mstari kwa mstari kama anayepalilia mahindi, na una wiki chache tu barafu haijafunga, ikifunga ndo mpaka mwakani. Sasa Septemba ile rubani wa helikopta, kawaleta wanaakiolojia kisiwani, yeye anazungukazunguka zake ufukweni, akakuta kipande cha chuma kina alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Boti ikahamia jirani, na haikuchukua muda, Erebus hiyo kwenye skrini. Kina mita 11! Meli ya milingoti mirefu ikikaa kwenye mita 11 si lazima ichomoze? Na ni upande uleule waliousema Wainuit.

Terror ndo kichekesho kabisa. Sammy Kogvik, Minuit wa Gjoa Haven, kijiji cha kulekule kaskazini mwa Kanada, miaka kadhaa nyuma alikuwa anaenda kuvua akaona mti kama mlingoti umesimama juu ya barafu, akapiga picha, kamera ikapotea, akaona ni nuksi akanyamaza. Mwaka 2016 akawaambia watu wa boti ya kutafuta meli aliyopanda, wakageuza, wakaikuta imekaa wima mita 24 chini, kwenye ghuba ambayo kwenye ramani inaitwa Terror Bay tangu zamani sana. Nisiseme mengi.

2019 wakaingiza roboti dogo lenye kamera ndani ya Terror, sahani bado ziko kwenye shelfu, dawati la nahodha Crozier lipo na droo zake zimefungwa, na kwenye maji ya baridi vile hata karatasi inaweza ikawa imepona. Vyumba 20 wamechungulia. Chumba cha kulala cha nahodha hawakuingia, mlango wake ndo pekee uliokuwa umefungwa.