Si Kila Tumbo Linalochafuka Limekula Ngano

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Humu ndani nina watu wa aina mbili: waliopimwa wakaambiwa wana ugonjwa wa siliaki, ule ambao ngano na nafaka za jamii yake huumiza utumbo, na walioona wenyewe kwamba wakila ngano hawakai sawa. Swali lenu ni moja, na naulizwa kila mara: "Mkate nimeacha, chapati nimeacha, jana tumbo limenivuruga. Nimekula nini?"

Jibu linalokuja haraka ni chakula cha mwisho kuingia mdomoni. Mtu amekula wali na samaki saa saba, saa nane anakimbilia chooni, basi wali umeshahukumiwa. Tumbo haliendi hivyo. Mwenye siliaki akipata gluteni, ile protini ya ngano inayomdhuru, mwingine huanza kusikia kichefuchefu baada ya saa moja au mbili, mwingine hasikii kitu mpaka kesho yake. Kwa hiyo ukianza upelelezi, rudi nyuma siku mbili nzima, na usiruke ulichoonja jikoni wakati wa kupika.

Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine ya jamii ya ngano. Sisi watu wa kusini tuna bahati, maana mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, ming'oko, mbaazi na korosho zetu hazina. Sasa inaingiaje? Twende kwa muuza mihogo ya kukaanga. Karai ni moja. Asubuhi limechoma maandazi, saa nne linatumbukizwa mihogo kwenye mafuta yale yale, na chini pameganda masimbi meusi ya unga wa ngano. Muhogo hauna kosa, kosa liko kwenye mafuta. Bagia nazo ziulizieni: wapo wanaochanganya ngano kidogo ili zishikane. Unga wa uji wa lishe ndiyo usiseme, kila mtu ana mchanganyiko wake na ngano imo mara nyingi. Hata ukipeleka mahindi yako safi mashineni, aliyekutangulia akiwa amesaga ngano, unga wako unatoka na mabaki yake. Omba kusaga wa kwanza asubuhi, au kwanza usage kilo moja ya kulisha kuku.

Lakini nimekuja hasa kwa ajili ya hili: ukishajua una tatizo na gluteni, kila maumivu unayatwisha gluteni, na wakosaji wengine wanapita bila kuguswa.

Chukua samaki. Jodari au kibua akikaa juani bila barafu, vijidudu vinatengeneza histamini kwenye nyama yake. Kupika hakuiondoi. Ukila, ndani ya dakika chache au saa chache uso unawaka, kichwa kinagonga, tumbo linakoroga. Ukiona uso umewiva hivyo baada ya kula samaki, usiisingizie ngano kwa leo.

Chukua muhogo wenyewe. Aliyeacha ngano anahamia ugali wa muhogo, wakati mwingine asubuhi na jioni. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na inatoka kwa kuloweka vya kutosha na kukausha vizuri. Makopa yakifanyiwa haraka kwa sababu ya njaa au soko, mlaji anatapika, anasikia kizunguzungu na kichwa kuuma saa chache baada ya kula. Akila hivyo kwa wiki nyingi, huku hana samaki wala maharage ya kutosha, miguu inaweza kupooza moja kwa moja. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na mkoa wetu umewahi kuuona.

Mbaazi na kunde zinajaza gesi, hilo mnalijua. Maziwa ni jambo jingine: siliaki inaharibu ukuta wa utumbo mwembamba pale pale panaposagwa sukari ya maziwa, hivyo mtu aliyeanza juzi mlo usio na gluteni anaweza kuharisha kwa chai ya maziwa wakati gluteni haimo kabisa. Utumbo ukipona, wengi hurudia maziwa yao.

Njia ya kumjua mkosaji ni ya zamani. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ambaye mwaka 1950 alionyesha kwamba ngano na rai ndizo zinazoumiza watoto wenye siliaki, hakuwa na kipimo cha damu. Aliondoa chakula, akakirudisha, akaangalia mtoto anavyokwenda. Nanyi nunueni daftari. Andika ulichokula, saa, nani kapika, mafuta yalikuwa ya nani. Na andika nani mwingine alikula chungu hicho hicho. Mstari huo naupenda kuliko yote: nyumba nzima ikiharisha, hiyo si gluteni, ni chakula kilichochacha au maji. Ukiharisha peke yako, ndipo uanze kuuliza karai.

Tumbo likitulia, kile unachokishuku ukile peke yake, kidogo, nyumbani, kisha ngoja siku mbili tatu. Hilo ni kwa mbaazi na maziwa. Mwenye siliaki asijijaribu kwa ngano, na aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi kwa korosho asizionje hata punje.

Ambao hamjapimwa, nawaomba msiache ngano kabla ya kipimo. Damu inapimwa kutafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza unapokula gluteni, ukiacha zinashuka, na kipimo kinasema huna wakati unayo. Na mwenye damu chooni, homa kali, au asiyeweza kubakiza hata maji tumboni, aweke daftari chini, aende hospitali.

Haya. Mama pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja makopa, karibu.