Namba 42 na Gazeti la Michezo

MASHAKA: Haya, tuko hewani. Karatasi yangu leo ina mambo matatu: mwili wa kijana, ubongo wa kijana, marafiki wa kijana. Nimeyapangia muda kabisa. Lakini dada Zuhura kaingia studio na mfuko wa viatu kauweka juu ya karatasi yangu.

ZUHURA: Nimetoka navyo Kariakoo jana, kaka. Vya mpwa wangu, yule wa kidato cha pili. Vya Januari vimeshamkataa. Muuza duka akauliza, "Hivi ni vya baba yake?" Namba 42! Na kijana mwenyewe bado hajanifikia urefu.

MASHAKA: Basi somo limeshaanza bila mimi. Mwili wa balehe hauendi kwa pamoja. Nyayo na viganja ndivyo vinavyotangulia, halafu ugoko na mkono wa chini, halafu paja. Kiwiliwili kinafuata nyuma kabisa.

ZUHURA: Ndiyo maana suruali inapanda juu ya kifundo na shati la shule bado linamkaa vizuri. Mama anadhani suruali imerudi kwa kufuliwa.

MASHAKA: Anagombana na dobi bure! Sasa, kilele cha kurefuka kwa wasichana ni karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Hapo mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja, msichana kama 8. Unyayo unawahi kuanza na unawahi kusimama. Kwa hiyo mguu ukikua ghafla, hiyo ni taarifa: urefu uko njiani. Sare ya kumtosha barabara leo usishone. Acha pindo nene chini ya suruali.

ZUHURA: Na umri peke yake hausemi kitu. Yule daktari wa Uingereza, James Tanner, alipanga balehe kwa hatua, ya 1 mpaka ya 5, kwa kuangalia mwili. Darasa moja, wote wana miaka 13, mmoja yuko hatua ya 2, mwenzake ya 4. Wote wazima. Msichana naye akishavunja ungo watu wanadhani ndiyo kwanza anaanza kurefuka, kumbe kilele kimeshapita. Zinabaki sentimita chache, 5 mpaka 7 hivi kwa wengi.

MASHAKA: Tuje kwenye ubongo sa—

ZUHURA: Subiri, sijamaliza viatu. Kuna mtu dukani alinishauri nichukue 44, nijaze gazeti mbele.

MASHAKA: Gazeti gani?

ZUHURA: Kaka Mashaka.

MASHAKA: Nauliza kitaalamu. La michezo linakunjika vizuri. La siasa linaleta malengelenge.

ZUHURA: (anacheka) Yote yanaleta! Gazeti linanyonya jasho, linakauka, linakuwa gumu kama ubao, linasukuma kucha ya kidole gumba irudi kwenye nyama. Nyuma huko kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, kinachubuka. Mtoto ili kiatu kisimtoke anakunja vidole kama anashika tawi. Halafu kiatu kina sehemu yake ya kukunjika, pale unyayo unapokunjika nyuma ya vidole. Kikiwa kikubwa, kinakunjika mahali pengine.

MASHAKA: Basi wape wasikilizaji vipimo, maana karatasi yangu naona imeshakufa.

ZUHURA: Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea. Avae soksi atakazovaa shule. Karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, asimame, uzito wote kwenye mguu. Asikae! Akikaa unyayo unafupika. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na kwa wengine hicho ni cha pili, siyo gumba. Pima miguu yote miwili, chukua namba ya ule mkubwa. Ongeza sentimita 1 mpaka 1.5.

MASHAKA: Hiyo nafasi ya kukua?

ZUHURA: Ya kukua na ya kutembea, maana unyayo unasogea mbele ukikanyaga. Namba za Ulaya sasa: kila namba ni theluthi mbili ya sentimita, milimita 6.7 hivi. Kwa hiyo chukua urefu uliopata, zidisha kwa 3, gawa kwa 2. Mpwa wangu ana 26.5, ongeza 1.5, ni 28. Mara 3 ni 84. Nusu yake?

MASHAKA: 42. Basi namba uliyochukua ni sahihi.

ZUHURA: Ni sahihi. Za Uingereza hatua yake ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, usizichanganye. Na viwanda vinatofautiana, kwa hiyo toa soli ya ndani, mwambie asimame juu yake. Ukiona kidole kimefika ukingoni, rudisha kiatu. Miezi mitatu mitatu pima tena.

MASHAKA: Na gazeti?

ZUHURA: Fungia maandazi.

MASHAKA: Nionyeshe hivyo viatu. Hee! Dada, hivi havina kamba! Vyembamba hivi?

ZUHURA: Kachagua mwenyewe.

MASHAKA: Hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mguu unaobadilika kila mwezi unataka kamba, unalegeza, unakaza, kisigino kinatulia. Mbele kuwe na upana. Wewe umemwachia mtoto wa miaka 14 achague mfupa wake ukae vipi.

ZUHURA: Nimemwekea masharti: urefu huu, vidole vicheze ndani, kisigino kisitoke. Ndani ya hapo achague. Mwanasaikolojia David Elkind aliliandika hili mwaka 1967: kijana wa umri huu anaishi kana kwamba kuna hadhira inamtazama kila anapopita. Ukimvika kiatu anachokionea haya, atakivua getini avae ndala. Kamba zako zitakuwa zimemsaidia nani?

MASHAKA: Na mimi nina wangu. Watafiti Gardner na Steinberg, 2005. Waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine marafiki wakiwatazama. Wa miaka 13 mpaka 16, marafiki wakiwepo, walijihatarisha zaidi sana kuliko wenzao waliokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Sasa hapo dukani kachagua yeye, au limechagua darasa zima?

ZUHURA: Ule ni mchezo wa gari na marafiki wamesimama nyuma yake. Dukani alikuwa na mimi, ametulia. Kijana aliyetulia, akifika miaka 16, anapima mambo karibu sawa na mtu mzima.

MASHAKA: Huyu ana 14.

ZUHURA: Kwa hiyo asubiri miaka miwili ndiyo aanze kujifunza kuchagua?

MASHAKA: Ajifunze kwa soksi! Aanze na soksi, rangi yoyote. Kiatu hapana.

ZUHURA: Soksi za shule ni nyeupe, mwalimu, na sheria hiyo mnaipanga nyie.

MASHAKA: Mimi sibadiliki.

ZUHURA: Wala mimi. Vitavaliwa Jumatatu.

MASHAKA: Fundi ananinyoshea vidole vitatu. Dakika tatu! Ubongo sijaugusa, usingizi sijaugusa.

ZUHURA: Achana navyo. Tumalizie maumivu, watu wameuliza.

MASHAKA: Haraka basi. Kisigino kinachouma baada ya mpira, ukikibana pembeni kwa vidole anaruka: kwenye mfupa wa kisigino kuna gegedu la kukulia, yaani sehemu laini ambayo bado inakua, na kano inalivuta. Apunguze kukimbia na kuruka, aweke barafu ndani ya kitambaa dakika 15, anyooshe misuli ya nyuma ya mguu, na ndani ya kiatu aweke kipande laini cha kuinua kisigino.

ZUHURA: Usiseme gazeti.

MASHAKA: Nilikuwa nasema sponji! Na lile nundu linalouma chini ya goti ni mambo hayohayo, kano inavuta mahali mfupa haujakomaa. Kuchua kwa nguvu kunazidisha.

ZUHURA: Ila kuna moja msilingoje. Kijana wa miaka 10 mpaka 16, hasa mwenye uzito mkubwa, anachechemea, analalamika goti au paja, na hakuanguka popote. Goti ukiliangalia halina kitu. Muangalie nyonga: alale chali, umkunje mguu. Ukiona goti linakwepa nje lenyewe na unyayo unageukia nje, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza kwenye gegedu lake. Asiukanyage tena mguu huo, abebwe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo apigwe eksirei ya nyonga zote mbili. Ya goti pekee haitaonyesha kitu, mtarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu.

MASHAKA: Zote mbili, hata kama inayouma ni moja. Daktari akiandika goti tu, mwombeni aangalie na nyon—

ZUHURA: Tumekatwa?

MASHAKA: Bado, sema haraka.

ZUHURA: Nyonga! Picha ya mbele, na ya pili mguu ukiwa umekunjwa kwa pembeni.