Nani Amekupa Kesi Hii? Upadre, Mapenzi ya Jinsia Moja na Kuhukumu Wengine

(Mhadhara kwa viongozi wa walei, Mwanza)

Tumsifu Yesu Kristo!

Mapadre wetu, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA na ninyi vijana wa VIWAWA, mliotoka Kirumba, Igoma na Buhongwa, na mliovuka Kigongo kutoka Sengerema, karibuni sana.

Nitaanza na maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua nusu. Julai 2013 Papa Fransisko alikuwa ndani ya ndege akirudi Roma kutoka Rio de Janeiro, baada ya Siku ya Vijana Duniani. Alijibu maswali ya waandishi wa habari, na sentensi moja ikaenea kila mahali: mtu mwenye mwelekeo wa jinsia moja akimtafuta Bwana kwa nia njema, mimi ni nani hata nimhukumu? Walioipenda wakatangaza kwamba Kanisa limebadili mafundisho. Walioichukia wakasema Papa amelegeza kamba. Wote waliruka sentensi zilizotangulia.

Swali lilihusu padre mmoja ambaye Papa alikuwa ametoka kumpa kazi Vatikano, na magazeti yakawa yanamtuhumu. Papa alianza kwa kusema kwamba amefanya kile ambacho sheria ya Kanisa inaagiza, yaani uchunguzi wa awali, na uchunguzi huo haukukuta lile alilotuhumiwa. Akaeleza pia tofauti kati ya dhambi na jinai, akatoa mfano: kumnajisi mtoto ni jinai. Baada ya hapo ndipo akafika kwenye "mimi ni nani". Tazameni basi. Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa na kiti cha kuamua. Alikwisha kuita ushahidi, akaupima, akafunga faili. Sisi tunaomnukuu faili hatujaliona hata kwa nje.

Ndiyo maana "msihukumu" ya Mathayo 7 haiwezi kusomwa peke yake. Sura hiyohiyo, aya ya 6, inatukataza kuwapa mbwa kilicho kitakatifu. Aya ya 15 inatuonya tujihadhari na manabii wa uongo, na inayofuata inasema tutawatambua kwa matunda yao. Mtawatambuaje bila kupambanua? Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 5, anawagombeza Wakorintho kwa sababu wamekaa kimya mbele ya kosa lililo wazi kati yao. Kanisa halijakatazwa kuamua. Linaloulizwa ni nani anaamua, juu ya nini, na ana nini mkononi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliweka sawa jambo hili miaka zaidi ya 700 iliyopita, na hadi leo sijaona aliyelipanga vizuri kuliko yeye. Katika kitabu chake cha teolojia kiitwacho Summa, sehemu inayohusu haki, swali la 60, anasema hukumu ni halali ikiwa na mambo matatu kwa pamoja. Itoke katika moyo wa kutafuta haki. Itolewe na mwenye mamlaka. Na iwe na uhakika unaotokana na busara. Ikikosa la kwanza, ni hukumu potovu, hata kama kilichosemwa kina ukweli ndani yake. Ikikosa la pili, ni hukumu ya kupora: umekalia kiti cha mtu. Ikikosa la tatu, ni hukumu ya pupa. Mnunuzi wa dagaa pale soko la Mwaloni anaelewa hili bila kusoma Tomaso: mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo hata ikipatia uzito, si mizani ya kuuzia.

Anaendelea kueleza shuku inatoka wapi, na hapa ni vizuri kila mtu ajisikilize. Mtu humshuku mwenzake kwa sababu yeye mwenyewe ana tabia hiyo, akadhani wote wako vile. Au kwa sababu hampendi, na asiyependwa kila anachofanya ni ushahidi. Au kwa sababu ameishi muda mrefu na kuona mengi, ndiyo maana wazee ni wepesi wa kushuku. (Wazee wangu mlio mbele, maneno hayo si yangu, ni ya Tomaso.) Hitimisho lake ni kwamba penye mashaka, jambo la mwenzako lifasiriwe kwa upande ulio mwema. Akasema wazi kwamba anayefanya hivyo huenda akakosea mara nyingi, lakini ni afadhali kukosea kwa kumdhania mtu vizuri kuliko kumdhulumu asiye na kosa.

Sasa mafundisho yenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 hadi 2359, inasema matendo ya kujamiiana ya watu wa jinsia moja hayakubaliki kwa hali yoyote. Inasema pia kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila aina ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Nao wanaitwa kuishi usafi wa moyo, kama Mkristo yeyote. Tendo ni jambo moja, mwelekeo ni jingine. Parokiani tunachanganya vyote viwili, halafu tunaongeza cha tatu, yaani mwendo wa mtu, sauti yake, mavazi yake, kutokupenda mpira. Hicho cha tatu hakimo katika hati yoyote ya Kanisa.

Na wanaouliza kuhusu baraka: tamko la Vatikano lililoruhusu padre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya ibada rasmi lilitoka Desemba 18, 2023, na Januari 11, 2024 maaskofu wa Afrika, kwa barua iliyotiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo, wakasema baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa yao. Barua hiyohiyo ilikumbusha kwamba watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na utu. Sehemu ya kwanza naisikia ikinukuliwa kila wiki.

Tuje seminarini, maana hapo ndipo maswali ni mengi. Kanuni inayotumika ni maelekezo ya Vatikano ya Novemba 4, 2005, yaliyoidhinishwa na Papa Benedikto XVI, na yakarudiwa katika mwongozo wa malezi ya mapadre wa Desemba 8, 2016. Hawapokelewi seminarini wala kupewa daraja takatifu watu wa namna tatu: wanaotenda matendo hayo, wenye mwelekeo uliozama ndani yao, na wanaouunga mkono utamaduni wa ushoga. Kijana aliyepitia hali ya mpito, kwa mfano kuchelewa kukomaa katika ujana, anatakiwa awe ameivuka kwa angalau miaka mitatu kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre. Upadre si haki ya mtu kudai. Ni wito unaothibitishwa na Kanisa, kwa hiyo askofu akisema hapana hajamnyang'anya mtu chochote.

Lakini tazameni jinsi sheria ilivyomfunga mikono huyo anayeamua. Seminarini kuna njia mbili zisizokutana. Gombera, yaani mkuu wa seminari, na walezi wanaangalia mambo ya nje: masomo, nidhamu, namna anavyoishi na wenzake. Mlezi wa kiroho na muungamishi wanasikia ya ndani. Kanuni ya 240 ya Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kumwomba muungamishi au mlezi wa kiroho maoni pale inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe. Mlezi wa kiroho akimsikia kijana, kazi yake ni kumshauri kijana mwenyewe, na akiona hafai, kumsihi aache. Hawezi kupita mlango wa nyuma kwenda kumnong'oneza gombera. Kijana naye anaambiwa waziwazi na maelekezo hayo ya 2005 kwamba kuficha hali yake ili afike altareni ni udanganyifu mkubwa. Mtaalamu wa saikolojia anaweza kuitwa, ila kwa ridhaa ya kijana, ridhaa ya wazi na ya hiari, akiwa amekwisha kueleweshwa. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la kila mtu pamoja na faragha yake.

Kinachoharibika kwa kawaida ni mpaka huo kuvunjwa. Mlezi wa kiroho akianza kutoa taarifa, vijana wataacha kusema ukweli ndani ya mwaka mmoja, na seminari itabaki na watu waliojifunza kuigiza. Wanaojua kuigiza vizuri ndio watakaofika mwisho.

Uharibifu wa pili unatokea huku kwetu. Kijana anarudi nyumbani Ukerewe au Magu katikati ya mwaka na begi lake. Huenda masomo yamemshinda, au anaumwa, au ameona mwenyewe kwamba wito wake ni ndoa. Jumuiya inakaa kusali rozari, na kabla chai haijamiminwa imekwisha kuamua sababu. Seminari haitatangaza sababu, kwa kuwa hairuhusiwi kumchafulia jina, na sisi tunaugeuza ukimya huo kuwa ushahidi. Yule kijana akitaka kuoa miaka mitano baadaye, maneno yaleyale yanamtangulia kwa wakwe.

Kwa aliyekwisha kuwa padre, hali ni nyingine. Daraja lililopokelewa kihalali halifutiki, kanuni ya 290 inasema hivyo, wala Misa yake haigeuki kuwa batili kwa sababu ya mwelekeo wake. Anachodaiwa ni useja na usafi kamili, kanuni ya 277, sawasawa na mwenzake anayevutiwa na wanawake. Ahadi ni ileile. Kanuni ya 1395, kifungu cha kwanza, inamhusu padre anayeishi na mwanamke kinyumba, na papo hapo padre anayedumu katika dhambi nyingine ya wazi dhidi ya amri ya sita, usizini, na kuleta kashfa. Sisi wa kanda hii padre akisemwa ana mtoto mahali fulani tunatabasamu, tunasema naye ni mwanamume. Akisemwa lile lingine tunataka atolewe kwa mawe. Sheria ya Kanisa haina tabasamu hilo.

Tuhuma ikifika kwa askofu, kanuni ya 1717 inamtaka afanye uchunguzi kwa tahadhari, yeye mwenyewe au kwa mtu anayefaa, na jina la yeyote lisihatarishwe. Aliyechunguza hawezi baadaye kuwa hakimu wa kesi hiyo. Tangu marekebisho ya 2021, kanuni ya 1321 inasema wazi kwamba mtu huhesabiwa hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Kesi ikianza, askofu anaweza kumtoa padre kazini kwa muda, nayo si adhabu. Kwa hiyo padre akihamishwa ghafla baada ya Pasaka, hujathibitisha kitu. Nyaraka zisizohitajika tena huwekwa katika kumbukumbu za siri za jimbo, ambazo ufunguo wake anao askofu peke yake.

Ewe kiongozi wa jumuiya, ukiletewa maneno, muulize kwanza aliyeyaleta: umeona, au umesikia? Kama amesikia, mwambie aishie hapo. Kama ameona, aandike ukurasa mmoja: tarehe, mahali, alichokiona kwa macho yake, nani mwingine alikuwepo, na jina lake mwenyewe chini. Aandike tendo, asiandike "ni shoga", maana hilo si jambo ambalo jicho linaona. Barua iende kwa paroko, na ikimhusu paroko iende kwa askofu. Barua isiyo na jina haitupwi tu, lakini peke yake haina miguu ya kusimamia. Kundi la WhatsApp la jumuiya si ofisi ya askofu, na ujumbe wa sauti uliosambazwa humo haurudi. Kumbukeni pia nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye kifungu kuhusu taarifa za uongo, na ina kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu kujamiiana kinyume cha maumbile, ambacho kifungo chake ni cha maisha na hakipungui miaka 30. Unapomtaja mtu, ujue unamweka wapi.

Hapo ni kwa watu wazima. Akiwa ni mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, mvulana au msichana, yote niliyosema juu ya kufasiri kwa wema hayakupi ruhusa ya kunyamaza. Hukuombwa uhukumu, umeombwa utoe taarifa. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116 bila malipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuwajibisha. Taarifa ifike pia jimboni, lakini jimboni si badala ya polisi. Na tusiseme eti hilo ndilo ushoga. Anayemdhuru mtoto anafanya jinai, awe anavutiwa na nani.

La mwisho ni kwa waliokwisha kusema. Katekisimu namba 2487 inadai malipizi, na kuungama peke yake hakutoshi. Kama ulimsingizia mtu, rudi kwa watu walewale, katika kundi lilelile, useme kwamba ulisema uongo. Kama ulitangaza kosa la kweli bila sababu ya haki, huwezi kusema ulidanganya, kwa kuwa hukudanganya. Hapo unakata maneno yasiendelee, unataja mema yake unayoyajua kweli, na kama amepoteza kazi au riziki kwa ajili yako, unatafuta namna ya kumfidia kadiri unavyoweza.

Karatasi za maswali zinapita. Andikeni kwa herufi kubwa. Swali lenye jina la padre au la mseminari yeyote nitaliweka kando bila kulisoma.