Mabuti ya Safari ya Pikipiki: Yapime kwa Beseni Kabla Hujatoa Hela

Habari zenu wadau, karibuni. Niko Mbeya, uani kwangu, na mawingu yameshakaa juu ya Loleza, kwa hiyo tunakwenda chapuchapu kabla mvua haijatukuta. Mbele yangu kuna jozi tatu za mabuti, beseni, ndoo ya maji, magazeti ya wiki iliyopita na kipande cha chaki. Hivyo tu vinatosha.

Wanaonifahamu wanajua nauza mabuti ya pikipiki ya mtumba. Nikipata Jumamosi yangu, naishika barabara ya Uyole, Isongole, Tukuyu, nateremka Kyela mpaka Matema ufukweni. Njia hiyo ndiyo mwalimu wangu. Huku kwetu mvua ikianza Novemba inaondoka Mei, na Rungwe haingoji hata msimu. Isongole baridi inakata, na kama mguu umelowa hapo, mguu wa kulia unafika mahali hauisikii breki. Unakanyaga hujui umekanyaga kiasi gani. Ukishuka Kyela, jasho. Buti hilohilo linatakiwa likutoshe kote huko, ndiyo maana nalishupalia.

Haya, ukubwa. Jaribu jioni, na soksi zilezile za safari. Vidole vicheze, kisigino kisinyanyuke. Panda pikipiki yako, ingiza gia moja, mbili, tatu. Ncha ikigoma kuingia chini ya pedeli, pandisha pedeli kidogo au tafuta buti jembamba zaidi. Tumemaliza, twende.

Najua kuna mtu ataandika, "Kaka, si nivae tu mabuti ya mpira ya shambani?" Kwa maji, mabuti ya mpira hayana mpinzani. Lakini yakigusa bomba la moshi yanayeyuka, kifundo cha mguu hakina kinga yoyote, na ukianguka buti linachomoka lenyewe. Kwenda shamba la viazi, sawa. Kilomita mia mbili, hapana. Na wale wa kuvaa rambo juu ya soksi, mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo mguu ulikuwa unalowa kwa jasho badala ya mvua.

Sasa lebo. Ipo ndani ya shingo ya buti au nyuma ya ulimi. Dogo, sogea. Sogea tena. Hapana, umeziba mwanga, pita upande huu. Hapohapo. Mnaona mchoro wa mtu kwenye pikipiki? Chini yake kuna EN 13634, hicho ni kiwango cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Halafu tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa shingo. Ya pili, ngozi inavyostahimili kusuguliwa na lami. Ya tatu, kukatwa. Ya nne, buti linavyokataa kubanwa ubavuni pikipiki ikikulalia. Mbili ni zaidi ya moja. Karibu na tarakimu hizo tafuteni herufi WR, maana yake buti hili lilipimwa maji kiwandani. Lakini lilipimwa likiwa jipya! Hili limeshavaliwa na mtu miaka kadhaa, hatujui alipita wapi.

Linalozuia maji si ngozi, ni utando uliofichwa kati ya ngozi na bitana. Ule maarufu, Gore-Tex, ulianza na Bob Gore huko Marekani mwaka 1969, alipovuta kwa nguvu plastiki ya jamii ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Ilipovutika ikawa na vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Kampuni nyingine zina tando zao. Utando huo huuoni kwa jicho. Buti linaweza kung'aa kama la harusi na ndani utando umechanika, na lingine limechubuka kila mahali lakini tone haliingii.

Kabla ya maji, soli. Chukueni hili la kijivu, jozi ya kwanza. Zuri, eeh? Halijatembea. Sasa nabonyeza kwa ukucha hapa, kati ya soli na ngozi. Sogeza kamera, dogo. Mmeona? Ukucha umezama, unga umetoka. Soli nyingi ni za poliyurethani, na hiyo unyevunyevu huila polepole hata buti likiwa ndani ya boksi. Kuna muuzaji aliwahi kuniuzia jozi kama hii, nami nikaisifu njia nzima. Nilipofika Kiwira nikasimama kwenda kuangalia Daraja la Mungu, kushuka kwenye pikipiki, nusu ya soli ikabaki kwenye kikanyagio. Nikarudi nyumbani na soli imefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwa hiyo bonyeza, likunje, tafuta nyufa, na soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo. Mimi likipita miaka kumi silichukui hata kwa bure. Hili la kijivu liko nje, weka pale.

Zimebaki mbili, nyeusi na kahawia. Tulieni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Fungua zipu yote. Vuta ulimi mbele. Pembeni mwa ulimi, kulia na kushoto, kuna kitambaa chenye mikunjo kilichoshonwa kwenye shingo ya buti, kinafunguka kama karatasi uliyoikunja upepee. Mkunjo huo ndio ukuta wa maji. Ingiza kidole, ufuate kwenda juu, uone unaishia wapi. Kwenye hili jeusi unaishia karibu na ukingo. Sasa hili la kahawia: shingo inafika kwenye ugoko, zipu inapanda mpaka juu, lakini mkunjo... hapa. Vidole vinne chini ya ukingo. Juu ya hapo ni zipu tupu, na zipu inapitisha maji. Buti refu, ukuta mfupi. Muuzaji atakuonyesha urefu wa shingo, wewe muulize mkunjo unaishia wapi.

Weka alama ya chaki kwa nje, pale mkunjo unapoishia. Buti zote mbili, kulia na kushoto.

Jaza gazeti kavu mpaka kwenye vidole, kisha jiwe lililofungwa gazeti ili lisielee. Weka kwenye beseni. Mimina maji taratibu, na maji yaishie vidole viwili CHINI ya alama. Chini. Yasifike kwenye alama. Mwaka juzi nilikuwa na jozi safi kabisa, nikajaza beseni huku naongea na mteja, maji yakapita juu ya mkunjo yakaingia ndani. Mara moja tu. Yaliyoingia yakakaa kati ya bitana na utando, na utando unaozuia maji kuingia unayazuia pia kutoka. Siku sita halijakauka, likaanza harufu, mteja akaenda kwingine. Kwa hiyo mkono mmoja kwenye kopo, jicho kwenye alama. Na wala usimimine maji ndani ya buti kuona kama yanatoka nje, ni uharibifu uleule.

Namimina... namimina... sasa yako ki... Ehee, mvua ndiyo hiyo. Dogo, ingiza kamera barazani! Shika lenzi, usiipanguse na shati.

Haya, tumerudi. Samahani kwa kelele za bati, nitapaza sauti. Na tazameni kitu, mvua imeosha chaki. Alama haipo! Basi badilisheni: badala ya chaki, fungeni uzi kuzunguka buti pale mkunjo unapoishia. Nafunga mwekundu hapa. Napima tena, mkunjo... hapa. Uzi hapa. Maji vidole viwili chini. Bado nasisitiza, chini.

Tunasubiri nusu saa. Kila baada ya dakika chache liinamishe pale vidole vinapokunjikia, kwa sababu utando huchoka hapo kwanza. Shingo ya buti muishike isizame.

Wakati tunasubiri, suruali ya mvua inakuwa NJE ya buti, siyo ndani. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapajani yanatiririka moja kwa moja kwenye soksi, na hapo buti bora duniani linakuwa ndoo. Pindo liwe refu, kwa sababu ukikaa na kukunja magoti suruali inapanda, na mwendo wa themanini upepo unasukuma maji kuja juu. Mimi nimeongeza mpira chini ya pindo unaopita kwenye upinde wa kiatu. Fundi cherehani anakushonea dakika tano.

Nusu saa imefika. Natoa la kulia, jeusi. Napangusa nje kwanza, msije mkachanganya maji ya nje na ya ndani. Gazeti la vidoleni... kavu, linalia kabisa, sikieni. La kushoto, kavu. Safi sana, hili lina safari nyingi.

La kahawia, kulia, kavu. Kushoto. Ngoja. Kamera hapa. Gazeti la mwisho, la kwenye kidole gumba, limegeuka rangi. Limelowa kiasi cha sarafu. Na tazameni nje, pale juu ya vidole, ngozi imelika: ndipo pedeli ya gia inaposugua kila siku. Mkiwa na haraka na mnataka kupima buti moja tu, pimeni la kushoto.

Hili nalitoa gazeti lililolowa, naweka kavu, nitabadilisha asubuhi na jioni, kivulini. Siliweki kwenye jiko wala jua kali, ngozi inakakamaa na gundi inaachia.

Jeusi ni namba 43, lipo dukani kuanzia kesho. La kahawia linaingia mezani kama buti la kiangazi, kwa bei ya kiangazi, na kwenye la kushoto nitaacha uzi mwekundu umefungwa pale vidoleni, ili atakayelichukua ajue panapovuja.