Msindikizaji Aliyeachwa Nyuma

KASSIM: Kabla ya yote, waambie wasikilizaji Jumamosi ulikuwa umepanda nini.

ZUHURA: Kirikuu! Harusi ya binamu yangu, gari zimejaa, nikawekwa na wapiga matarumbeta, dramu kubwa iko magotini kwangu. Kufika kilima cha Kimara, gari la bi harusi halionekani. Na wenyewe hawaachi kupuliza. Tunawatumbuiza abiria wa daladala.

KASSIM: Basi hiyo ndiyo YB-40, ndege ya Vita vya Pili vya Dunia.

ZUHURA: Ulikuwa unanivizia!

KASSIM: Sikiliza. Mwaka 1943 B-17, ndege za mabomu za Marekani, zinatoka Uingereza kwenda kuwapiga Wajerumani. Ndege za kivita zinazozisindikiza hazina mafuta ya kufika mbali, zinageukia njiani. Wakaona, tuchukue B-17 yenyewe, tusiipakie mabomu, tuijaze bunduki, isindikize wenzake. Ndiyo YB-40. Ikaongezwa kibanda cha pili cha bunduki mgongoni, kingine chini ya pua, na ubavuni bunduki mbilimbili. Kwa kawaida 14, za milimita 12.7, na risasi zaidi ya 10,000.

ZUHURA: Na dramu?

KASSIM: Tarehe 29 Mei zikaenda Saint-Nazaire, Ufaransa, ndiyo mara ya kwanza. Kwenda sawa, wote wana mzigo. Wenzao wakishaangusha mabomu wanakuwa wepesi, wanakimbilia nyumbani. YB-40 chuma chake chote bado inacho.

ZUHURA: Yaani mlinzi ndiye anasubiriwa.

KASSIM: Na tarehe 22 Juni, safari ya Hüls, Ujerumani, moja ikaangushwa. B-24, ndege nyingine ya mabomu, nayo waliigeuza hivyohivyo, XB-41, moja tu, ikakataliwa kwenye majaribio.

ZUHURA: Sasa wale wa matarumbeta wanadai hela yote. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati. Nimewapa nusu.

KASSIM: Kwa nini? Si walipuliza?

ZUHURA: Walimpulizia nani, Kassim?

KASSIM: Walioweka watu wanane kwenye kirikuu ni kamati. Walipe.

ZUHURA: Silipi. Kazi ilikuwa kumsindikiza bi harusi. YB-40 vilevile: kazi ilikuwa kusindikiza, haikusindikiza, imefeli.

KASSIM: Haikufeli! Wajerumani walikuwa wanakuja uso kwa uso, kwa sababu mbele B-17 ilikuwa dhaifu. Kile kibanda cha chini ya pua ndicho kikahamia kwenye B-17G, na hizo zilitengenezwa maelfu.

ZUHURA: Ungekifunga bila kutengeneza gari zima la matarumbeta.

KASSIM: Kwani kwenye YB-40 hakikupelekwa vitani kikaonekana kinafaa?

ZUHURA: Waliopanda ile ya Hüls waambie hivyo. Oktoba 14, Schweinfurt, Ujerumani, B-17 sitini zimepotea siku moja. Mlinzi wako yuko wapi?

KASSIM: Alishaondolewa vitani.

ZUHURA: Asante.

KASSIM: Hiyo si hoja! Nazungumzia kilichobaki.

ZUHURA: Na mimi nazungumzia kilichoagizwa. Aliyekuja kusindikiza mpaka mwisho ni Mustang, ndege ya kivita, na matangi yake ya ziada ya mafuta.

KASSIM: Mustang ni Desemba! Mwezi wa tano ungetuma nini?

ZUHURA: Nisingetuma.

KASSIM: Ungeacha B-17 ziende peke yake?

ZUHURA: Si zilirudi peke yake?

KASSIM: Aisee. Nina masomo matatu hapa kwenye karatasi, hata la kwanza sijasoma.

ZUHURA: Zimebaki sekunde arobaini.

KASSIM: La kwanza, uzito...

ZUHURA: Nusu, Kassim. Siongezi hata mia.