"Mwalimu, Nyanya Hajakosea": Maongezi ya Walimu Wawili wa Kiswahili, Mombasa

KASSIM: Asalaam aleikum, na karibuni tena. Mimi ni Kassim, mwalimu wa Kiswahili huko ng'ambo ya kivuko, Likoni. Leo tuko Kibokoni nyumbani kwa Bi Mwanaisha, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya pikipiki. Bi Mwanaisha, shikamoo.

MWANAISHA: Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo?

KASSIM: Kuna mwalimu kijana alituandikia. Amefundisha miaka 5. Anasema kila akishika chaki ahisi kama anacheza kanda ile ile, na anauliza afanyeje asife moyo. Mimi nilitaka kumjibu siku ile ile, Bi Mwanaisha akanizuia.

MWANAISHA: Nilikuzuia kwa sababu ugonjwa huo naujua, na hautibiwi kwa maneno ya kutia moyo. Mimi nimefundisha miaka 23. Kufika mwaka wa 14 nilikuwa nimekauka. Nukuu zangu za kufundishia ni zile nilizoandika nikitoka chuoni, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Ngeli ya LI-YA ningeweza kuifundisha mwanzo hadi mwisho na akili yangu iko sokoni. Hakuna aliyelalamika, maana matokeo yalikuwa mazuri. Lakini mimi nilijua.

KASSIM: Na kilichokutoa hapo?

MWANAISHA: Hili daftari. Mwanafunzi wangu mmoja alinipa mwenyewe alipomaliza shule. Wakati huo alipoliandika alikuwa kidato cha kwanza, akiishi mtaa wa Kuze na nyanyake. Niliwapa insha kuhusu siku waliyougua, naye akaandika hivi, nasoma: "Nyanya alinifunga kitambaa kitwani, akanilaza tini." Mimi nikapiga mstari mwekundu chini ya "kitwani", nikapiga mwingine chini ya "tini", pembeni nikaandika "hijai", yaani tahajia, nikitaka "kichwani" na "chini". Unaiona?

KASSIM: Naiona. Kalamu imekandamizwa hadi ukurasa wa pili.

MWANAISHA: Darasani hakusema kitu. Kipindi kilipokwisha akanifuata nje, daftari amelikumbatia, akaniambia: "Mwalimu, nyanya hajakosea."

KASSIM: Hakusema "mimi sijakosea".

MWANAISHA: Hakujitetea. Alimtetea nyanyake. Na mamangu mimi alikuwa akisema kitwa! Mato, mtele, tini, hayo ndiyo niliyonyonya. Nikawa nimeyakata kwa mkono wangu na kuyaita makosa ya tahajia.

KASSIM: Ukamwambiaje?

MWANAISHA: Nilimwambia aende, tutazungumza kesho. Jioni nikafungua nukuu zangu za isimujamii, somo la lugha na jamii. Kila mwaka nilikuwa nawaandikia wanafunzi ubaoni: 1928, mkutano ukaamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, 1930, ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Na mkutano ulifanyika wapi?

KASSIM: Mombasa.

MWANAISHA: Mombasa, hapa hapa! Mji ambao wamishenari wake, tangu Krapf alipofika 1844, walikuwa wameshikilia Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa yenye hilo "kitwa", wenzao wa Unguja wakishikilia Kiunguja. Uamuzi ukapitishwa katika mji wenye Kimvita chake, na Kimvita hakikuchaguliwa. Mwaka huo wa 1928 nilikuwa nimeufundisha mara 14, na hata siku moja sikuuhusisha na kinywa cha mtoto aliyekaa mbele yangu. Nilikuwa nina tarehe tu.

KASSIM: Sasa, hapo mwalimu anayetusikiliza atauliza: mtihani je? Mtoto akiandika "kitwa" kwenye 102/1, karatasi ya insha ya mtihani wa taifa, mtahini hatamuuliza nyanyake anaishi mtaa gani.

MWANAISHA: Hatamuuliza, na ni haki yake. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na mtoto lazima akijue vizuri. Kwa hivyo kesho yake niligawa ubao sehemu mbili. Kushoto nikaandika "nyumbani", kulia "mtihanini". Mato, macho. Mtele, mchele. Tini, chini. Kuteka, kucheka. Kutukua, kuchukua. Kabla sijafika mbali, mtoto mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, penye che sisi tuna te!" Kanuni wameiona wenyewe. Nami nikajiona mwalimu hodari. Kisha msichana wa nyuma akauliza, "Basi mbona hatusemi takula?"

KASSIM: Lo!

MWANAISHA: Sikuwa na jibu. Miaka 14 ya kufundisha, na mtoto wa kidato cha kwanza amenisimamisha. Nikamwambia kweli, sijui, nipe hadi Ijumaa. Wallahi, usiku ule nilisoma kwa raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Jibu liko kwenye ngeli. Che ya "chakula" ni kiambishi KI kilichokutana na irabu, sawa na ya "changu" na "chumba". Che ya "kichwa" na "macho" haitokani na kiambishi cha ngeli, imo ndani ya shina lenyewe, nayo ndiyo kwetu iliyo te. Kwa masikio ni sauti moja, lakini zimepita njia mbili. Ngeli ile ile niliyokuwa nikiifundisha nikiwa sokoni kiakili!

KASSIM: Kwa hivyo kilichokuamsha ni swali.

MWANAISHA: Ni swali ambalo jibu lake silijui. Yule kijana wetu, miaka 5, kanda ile ile, mimi ningemuuliza: mara ya mwisho lini ulitoka darasani na kitu cha kwenda kutafuta? Tangu siku ile nina daftari dogo, kila wiki naandika neno au swali moja nililopewa na wanafunzi. Wa Kidigo ameleta la kwao, wa Kigiriama la kwao. Mwaka jana niliyapanga nikayazungumzia mbele ya walimu wenzangu wa Kiswahili wa shule za jirani. Sikuwahi kusimama mbele ya walimu kabla ya hapo.

KASSIM: Mimi naomba niseme la pili, maana kuna watu moyo wanao, nguvu ndizo hawana. Hesabu hii naifanya kila muhula. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 58. Karatasi ya insha yataka insha mbili, kila moja maneno yasiyopungua 400. Jaribio moja tu ni maneno 46,400. Nilikuwa nasahihisha kivukoni, nasahihisha kwenye matatu, nasahihisha hadi saa sita usiku, na wanafunzi wanaangalia alama wanafunga daftari.

MWANAISHA: Wanaangalia alama tu. Kweli.

KASSIM: Kusahihisha mtihani wa taifa ndiko kulikonifundisha. Nawasihi walimu vijana waombe nafasi hiyo inapotangazwa. Pale unaketi na wenzako, mnasoma insha moja, kila mtu anatoa alama yake, kisha mnajadili kwa nini huyu kaiweka kiwango cha C, kati ya 6 na 10, na yule kaipa B. Nilikuja kuona kwamba mimi nilikuwa nawinda makosa, wala siisomi insha kama insha. Pale pia nilizoea kutia alama ya vyema juu ya msamiati bora. Darasani sikuwa nikifanya hivyo hata kidogo, mekundu yote yalikuwa ya makosa.

MWANAISHA: Na uliporudi shuleni?

KASSIM: Nikaacha kusahihisha kila kitu. Wiki hii naangalia upatanisho wa kisarufi peke yake, wiki ijayo namna wanavyofungua aya. Mwanafunzi anajua mapema nitaangalia nini. Daftari moja lilinichukua dakika 12, sasa dakika 4. Muda uliobaki ndio ninaosoma. Mwalimu wa lugha asiyepata muda wa kusoma chochote kwa ajili yake mwenyewe, mimi namhurumia kwa dhati, na nilikuwa huyo.

MWANAISHA: Waambie na habari ya ishara.

KASSIM: Nitawaambia. Mzazi mmoja alikuja siku ya wazazi, kiziwi. Mwanawe yuko darasani kwangu, anasikia. Nikashindwa hata kumsalimu. Kijana akawa mkalimani wa ripoti yake mwenyewe, na nikaona yule mama anavyotazama mdomo wangu. Katiba yetu ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, hata bungeni ni lugha rasmi, na mimi mwalimu wa lugha sikuijua salamu yake. Nikaanza kujifunza, Jumamosi.

MWANAISHA: Na mikono ikakataa.

KASSIM: Ikakataa! Mwalimu ananiuliza kwa ishara jina langu ni nani, nalijua jibu, vidole vimeganda, na kabla sijaanza mwenzangu ameshajibu. Nikahisi uso umenipata moto. Papo hapo nikaukumbuka uso wa kijana wangu mmoja wa kidato cha kwanza anayetazama dawati kila nikimwita. Kumbe nilikuwa simpi muda. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima jambo hili miaka ya 1970: mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, na akisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na waliokuwa kimya huanza kusema. Sasa nahesabu moyoni. Sekunde 3 darasani ni ndefu, jaribuni muone.

MWANAISHA: Tusiondoke bila kusema la cheo na mshahara, maana watu watasema tunapamba.

KASSIM: Tuseme.

MWANAISHA: Mimi nilikaa daraja moja miaka 9. Nilikwenda mahojiano, nikarudi, nikaenda tena. Kuna waliopanda ambao niliwapokea mimi shuleni wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Iliniuma, na nilipofika nyumbani nililia. Baadaye nikajiambia, cheo nitakiomba kila kikitangazwa, ila raha ya kazi sitaiweka mikononi mwa mtu wa kuninyima.

KASSIM: Hapo mimi na wewe hatuko pamoja sana, Bi Mwanaisha, uniwie radhi. Nauli haijali raha. Mwalimu akiambiwa kila siku "penda kazi yako", mwishowe mapenzi yake yanageuzwa sababu ya kumlipa kidogo. Atafute moyo, sawa, lakini adai haki yake kwa sauti ile ile.

MWANAISHA: Adai. Mimi sikumkataza kudai. Nasema asingojee.

KASSIM: Na wasio na uwezo wa kungojea? Haya, tuliache hapo, tutalirudia na mtu wa chama cha walimu.

MWANAISHA: Nina moja bado. Kijana wetu atafute mwenzake mmoja wa kuja kukaa darasani kwake na kutazama somo. Mimi na wewe tumefanya hivyo mwaka wa pili sasa, mara moja kwa mwezi. Walimu wa Japani wana desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 100: wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama, kisha wanalichambua. Na anayetazama awatazame wanafunzi, mwalimu amwache.

KASSIM: Uliponijia mara ya kwanza nilitetemeka. Nikidhani utaniambia Kiswahili changu kina kasoro. Ukaniambia, "Kassim, wasichana watatu wa safu ya ukutani hawajakuona uso kwa dakika 40." Kumbe mimi hufundisha nikielekea dirishani, upande wa upepo! Miaka 6 na hakuna aliyeniambia.

MWANAISHA: Na wewe uliniambia najibu maswali yangu mwenyewe.

KASSIM: Ulijibu 11. Nilihesabu.

MWANAISHA: Sasa ni zamu yako kunijia. Jumatano, kipindi cha tatu, nina somo la mofimu, vile vipande vidogo vya neno vyenye maana. Vuka mapema, kivuko asubuhi kinajaa. Usikae mbele. Kuna kijana mlangoni, tangu muhula uanze hajanyoosha mkono, na bado sijajua kwa nini. Kaa karibu naye.