Uzito wa Upinde wa Kwanza

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaoanza kujifunza upinde,

Mwaka 1549 mhubiri Hugh Latimer, akihubiri mbele ya Edward wa Sita, mfalme wa Uingereza aliyekuwa bado mtoto, alieleza jinsi baba yake alivyomlea katika upinde. Alisema kwamba alinunuliwa pinde kulingana na umri na nguvu zake, na kwamba kadiri alivyokua ndivyo pinde hizo zilivyozidi kuwa kubwa. Tena alifundishwa kuuweka mwili wake ndani ya upinde na kuvuta kwa nguvu za mwili, si kwa nguvu za mikono. Nimeanza na ushuhuda huo kwa sababu mzee yule, ambaye alikuwa mkulima tu, alifahamu jambo ambalo wanunuzi wengi wa leo hulikosa. Hakumpa mwanawe upinde wa mtu mzima kisha akamwambia ausubiri.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Tunapotaja uzito wa upinde hatusemi uzito wa kuubeba mkononi, bali nguvu inayohitajika kuuvuta ugwe mpaka urefu fulani. Nguvu hiyo hupimwa kwa ratili, ambazo wengi huziita paundi, na ratili moja ni karibu gramu 454. Watengenezaji wengi hupima uzito huo kwa urefu wa mvuto wa inchi 28, yaani kama sentimita 71, nao huandika namba zote mbili kwenye upinde. Basi anayesoma 35 asidhani moja kwa moja kwamba atavuta ratili 35, kwa maana kila inchi inayopungua au kuzidi hubadilisha uzito kwa ratili 2 hadi 3. Mwenye mikono mifupi, anayevuta inchi 26, atashika kama ratili 30 tu katika upinde huohuo, na mrefu anayevuta inchi 30 atashika kama 40. Ili ukadirie urefu wako, nyosha mikono yote miwili kando, upimwe kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine, kisha ugawanye kwa 2.5, aliyepata sentimita 170 atavuta sentimita 68, karibu inchi 27.

Jambo la pili ni tabia ya upinde wa jadi, yaani ule usio na magurudumu, ambao ndio ninaouzungumzia hapa. Upinde wa magurudumu, wenye ugwe unaozunguka magurudumu kwenye ncha zake, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969, hupunguza mzigo unapofika mwisho wa mvuto, hivyo mpigaji hutulia na kulenga akiwa ameshika sehemu ndogo tu ya uzito. Upinde wa jadi hauna huruma hiyo. Mzigo wake huongezeka kwa kila inchi, na huwa mkubwa kuliko wote palepale ambapo vidole, mabega na macho vinapaswa kutulia.

Hapo ndipo naomba tukae kidogo. Mwanafunzi aliyepewa upinde mzito hutambulika hata kabla mshale haujatoka. Huuinua upinde juu kuelekea mbinguni apate kuufungua, huegemea nyuma, bega la mkono ulioshika upinde hupanda hadi karibu na sikio, na mkono unaovuta husimama kabla haujafika shavuni. Kisha huachia haraka, kwa sababu hawezi kusubiri. Akirudia hivyo mara mia, mwili wake utakuwa umejifunza kwa uaminifu kabisa namna mbaya ya kupiga, na kuufundisha upya ni kazi ngumu kuliko kuufundisha mara ya kwanza. Nimewaona watu wenye vifua vipana na mikono ya kazi wakishindwa hapa, nao huona aibu isiyo na sababu: misuli ya mgongo inayozileta karibu zile bapa mbili za mabega haitumiki sana katika maisha ya kila siku, kwa hiyo mwenye nguvu za kubeba gunia anaweza kuwa mgeni kabisa kwa kazi hii. Kano za bega nazo huimarika polepole kuliko misuli, na maumivu yake yakianza hudumu miezi.

Fikirini pia hesabu ya siku moja. Mazoezi ya mishale 60 kwa upinde wa ratili 45 ni sawa na kuvuta kilo zaidi ya 1,200 kwa jumla. Kwa upinde wa ratili 25 ni kilo kama 680. Yule wa pili atamaliza mshale wa 60 akiwa bado anafikiri juu ya vidole vyake. Wa kwanza ataacha kufikiri mapema zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mtu mzima anayeanza aanze kati ya ratili 20 na 30, zikipimwa kwa urefu wake mwenyewe wa mvuto. Mtoto apewe 10 hadi 15, na kijana awe katikati. Mwanamume mwenye afya nzuri akiniomba 35 nitamkubalia baada ya kumjaribu tu. Jaribio lenyewe ni rahisi: vuta ugwe bila mshale hadi mahali unapotulia usoni, shika kwa sekunde 10 bila kutetemeka, kisha urudishe taratibu, usiuachie kamwe, kwa sababu ugwe ulioachiwa bila mshale huweza kuuvunja upinde. Fanya hivyo mara tano ukipumzika katikati. Kisha kaa kitini, inua miguu kutoka sakafuni, uvute tena. Ukishindwa, ulikuwa unauvuta kwa kujipinda mwili.

Wapo watakaonikumbusha Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ambayo pinde zake nyingi zimekadiriwa kuvuta zaidi ya ratili 100. Ni kweli, lakini waliozivuta walianza utotoni kama Latimer, na baadhi ya mifupa iliyopatikana humo inaonyesha mabega yaliyobadilika umbo. Na anayetamani kuwinda, ambako ratili 40 mara nyingi huhesabiwa kuwa mwanzo, atazifikia kwa haraka zaidi akipitia 25.

Kama uwezo unaruhusu, chagua upinde unaofunguka vipande vitatu, ambao ile mikono yake miwili inayopinda inaweza kubadilishwa huku kishikio kikibaki. Utakapopiga siku nzima na mshale wa mwisho ukaonekana kama wa kwanza, kwa majuma kadhaa mfululizo, ongeza ratili 4 au 5, si zaidi. Kumbuka kwamba ugumu wa mshale hufuata uzito wa upinde, kwa hiyo usinunue mishale mingi ya bei kubwa kwa ajili ya mikono ya kwanza ya upinde wako. Sita inatosha, na uiache mirefu kidogo.